Santuri za Krismasi za kinanda: kuzipata, kuzitunza na kuzisikiliza pamoja

Kabla hujatafuta sahani ya santuri hata moja, ipime mashine utakayozipigia. Mimi nilianza kinyume, na Krismasi yangu ya kwanza na santuri ikapotea hivihivi.

Ni mwalimu wa kwaya hapa Tanga, nakaa Chumbageni. Ninachokusanya ni kitu kimoja: santuri za zamani za nyimbo za Krismasi zilizopigwa kwa kinanda peke yake, bila waimbaji. Nikisema kinanda nina maana ya kile kikubwa cha kanisani chenye mabomba, ambacho wengine hukiita ogani, pamoja na jamaa zake nitakaowataja mbele. Ninazo sahani sitini na tatu, na kila moja imenifikia kupitia mkono wa mtu ninayemjua.

Mashine yangu ya kwanza ilitoka Marekani, ya volti 110. Nikanunua transfoma ya kushusha umeme, nikaweka sahani, kinanda kikaanza kulia. Sauti ilikuwa nzito na ya taratibu, nikaipenda sana. Kwa wiki mbili nilikaa na daftari nikiandika nyimbo zile kwa solfa ili nizifundishe kwaya. Siku nilipoketi kwenye kinanda changu cha umeme kuzifuatisha, mambo yakakataa. Jaketi la sahani limeandikwa kwa Kijerumani G-dur, yaani wimbo uko kwenye G. Mashine ilikuwa inalia kwenye E. Nikajiambia labda kinanda chenyewe ni cha kale, maana vinanda vya kale vya Ulaya vingi havilingani na vya leo, huweza kupishana hata nusu ya hatua. Lakini hii ilikuwa nusu hatua tatu, na sahani zote zilishuka kiasi hichohicho. Pa kuimba sol, palilia mi.

Nikaibeba mashine hadi Ngamiani, kwa mzee anayetengeneza redio tangu enzi za bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu. Leo umeniletea mgonjwa gani?"

Hakuusikiliza wimbo. Aliinamisha sikio kwenye mota, kisha akaigeuza mashine akasoma kibandiko cha chini. "Hii imezaliwa kwenye Hz 60," akasema. "Sisi umeme wetu ni Hz 50. Transfoma yako inapunguza volti, lakini mwendo haiugusi."

Ndivyo ilivyo. Mota za mashine nyingi za zamani hufuata mapigo ya umeme wenyewe, na Hz ni hesabu ya mapigo hayo kwa sekunde. Mota ya Hz 60 ukiichomeka kwenye Hz 50 huzunguka tano kwa sita ya mwendo wake, kwa hiyo sahani inayotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika huzunguka chini ya 28. Na tano kwa sita, kwa lugha yetu ya kwaya, ndiyo hasa umbali wa kutoka sol kushuka mi. Daftari langu lote lilikuwa limeandikwa kutoka kwenye mashine inayotembea kwa kuchechemea.

Dawa yake haikuwa ghali. Katika mashine ya mkanda, mwendo unatokana na puli ndogo iliyo kwenye shina la mota. Fundi wa kuchonga vyuma alitengeneza puli nyingine nene zaidi kwa sehemu moja ya tano: kama ya zamani ilikuwa milimita 10, mpya ni milimita 12. Mzee akaifunga, tukaweka sahani ileile, G ikawa G. Nilitaka kulia. Wimbo niliodhani ni wa huzuni ulikuwa wa kuchezeka.

Kwa hiyo fanya hivi leo, hata kama mashine yako ni ya Ulaya au ya Japani. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani kuukuu, washa, shika saa ya simu, hesabu. Mwendo wa 33 na theluthi ukiwa sahihi, karatasi itapita mbele yako mara 100 kwa dakika 3 kamili. Mashine yangu ilipokuwa mgonjwa ilifika 83. Ikifika 98 au 102, usiridhike. Tazama mkanda kama umelegea, na mafuta ya shina kama yamekauka.

Mtu wa taarabu au wa dansi anaweza kuvumilia kasoro ndogo. Kinanda hakivumilii. Mpiga gitaa akigusa uzi, sauti hufifia palepale, sikio halipati nafasi ya kuichunguza. Bomba la kinanda hushikilia noti moja sekunde nane, tisa, bila kupungua. Tundu la sahani likiwa limepinda upande kidogo tu, utasikia noti ikipanda na kushuka kama mtu anayeyumba. Vilevile ngurumo ya mota: kwenye muziki mwingine hufunikwa, lakini bomba refu la futi 16 hutoa sauti ya Hz 32 hivi, chini kabisa, mahali palepale ambapo mota nayo hunguruma. Ukisikia besi hata pale wimbo unapopumzika, hiyo si besi, ni mota. Weka kipande cha mpira au sponji ngumu chini ya miguu ya mashine, na spika usiziweke meza moja nayo.

Sasa kuzitafuta.

Hapa Tanga santuri hizi zilikuja na watu: wamisionari, familia za Kigoa, Wagiriki na Waingereza wa mashamba ya mkonge, watu wa reli na bandari. Wengi waliondoka, makasha yakabaki. Kwa hiyo mimi sitafuti dukani. Natafuta pale nyumba inapohamwa, stoo za sharika na parokia, na kwa wazee waliowahi kufanya kazi kwenye nyumba za mabwana shamba wakaachiwa vitu. Ukienda kwa mzee, usianze na bei. Kaa, kunywa chai, muulize nani alikuwa akiipiga ile mashine na siku gani. Mara tatu nimepewa bure kwa sababu nilikaa kusikiliza, na mara zote tatu nimerudi Desemba na mashine ili mwenyewe aisikie tena.

Majaketi mengi hayana picha ya kinanda, yana mshumaa au theluji. Soma maneno. Kijerumani ni Weihnacht na Orgel. Kifaransa Noël na orgue. Kiitaliano Natale na organo. Kireno, ambacho utakikuta kwa Wagoa, Natal na órgão. Kiingereza Christmas na organ. Ukiyaona mawili kwenye jaketi moja, chukua.

Kisha ujue ni kinanda cha aina gani, maana viko vitatu na ladha zake ni mbali mbali. Cha kwanza ni cha mabomba cha kanisani. Humo utamkuta Helmut Walcha, Mjerumani kipofu aliyehifadhi kazi za mtunzi Bach kichwani na kuzirekodi mara mbili, na E. Power Biggs, Mwingereza aliyehamia Marekani. Utakutana pia na noeli, yaani nyimbo za Krismasi, 12 za Louis-Claude Daquin, zilizochapishwa Paris mwaka 1757, ambazo watoto wa kwaya yangu wanazipenda kuliko zote kwa sababu mabomba yake yanajibizana kama watu wanaotaniana. Cha pili ni kinanda cha kumbi za sinema na dansi, hasa cha kampuni ya Wurlitzer, kinachotetemeka na kupiga hata kengele na ngoma. Reginald Dixon alikipiga Blackpool, Uingereza, kuanzia 1930 hadi 1970. Cha tatu ni Hammond, cha umeme, kilichotoka mwaka 1935. Hiki hakina bomba hata moja. Ndani mna magurudumu ya chuma yanayozunguka mbele ya sumaku. Laurens Hammond alikuwa mtengenezaji wa saa za umeme, na mota ya kinanda chake hufuata mapigo ya umeme kama zile saa, na kama mashine yangu ya Marekani. Mzee wa Ngamiani nilipomweleza hilo alipiga makofi.

Mimi moyo wangu uko kwenye mabomba. Lakini santuri za Hammond za miaka ya 1950 na 1960 ndizo utakazozipata kwa wingi, usizidharau. Zilitengenezwa kwa ajili ya sebuleni, na sebuleni zinapendeza.

Ukiishika sahani mkononi, itoe jaketini ukiibana ukingo na kibandiko tu, vidole visiguse mistari. Iinamishe kwenye mwanga wa dirisha. Vumbi si tatizo. Mikwaruzo myembamba kama nywele si tatizo kubwa. Mkwaruzo unaousikia ukipitisha ukucha, hapo sindano itaruka. Tazama kwa makini mistari ya mwisho karibu na kibandiko: hapo ndipo sindano husafiri polepole na sauti huharibika upesi, na kwa bahati mbaya ndipo wapiga kinanda huweka wimbo wao mkubwa wa kumalizia. Pale ikionekana kijivu kijivu badala ya kung'aa, imeshaliwa na sindano mbovu. Kati ya mistari na kibandiko kuna herufi na namba zilizochongwa. Zinakili, ndizo zitakazokutambulishia sahani hata jaketi likiwa limepotea.

Sahani za 78, yaani za kuzunguka mara 78 kwa dakika, ni habari nyingine. Hizo si za plastiki ya kawaida, zina shelaki, utomvu wa mdudu. Ni nzito, zikianguka zinavunjika kama kigae, na kila upande hauzidi dakika tatu hadi nne na nusu. Zinahitaji sindano yake pana. Ile ya LP, yaani sahani ya plastiki ya mwendo wa 33 na theluthi, itazama chini ya mfereji na kutoa makelele. Tena, usizipake spiriti hata tone. Spiriti huyeyusha shelaki. Nimeona sahani nzuri ikigeuka kuwa ya kunata mikononi mwa mtu mwenye nia njema.

Usafi wa LP ni kama ifuatavyo. Usitumie maji ya bomba, yanaacha chumvi na chokaa ndani ya mifereji. Nunua maji ya betri, yale yaliyoondolewa madini, na usome chupa mara mbili uhakikishe si asidi. Changanya vikombe vitatu vya maji hayo na kikombe kimoja cha spiriti ya isopropili ya duka la dawa, na tone moja tu la sabuni ya maji ya vyombo. Lowesha kitambaa laini kisichoacha nyuzi, futa kwa kufuata mistari, usikatize. Kisha suuza kwa maji ya betri matupu, kitambaa kingine. Isimamishe kivulini ikauke yenyewe. Kibandiko cha katikati kifunike kwa kifuniko cha plastiki cha bakuli, kisilowe.

Adui wetu mkubwa hapa ni hewa ya bahari. Wakati wa masika ukungu huota kwenye karatasi ya ndani kwa siku chache, kisha unahamia kwenye sahani. Karatasi ya zamani ikiwa na madoa au harufu ya godauni, itupe, weka mpya. Jaketi lifute, lianikwe kivulini penye upepo. Zisimamishe wima, zishikane bila kubanana, rafu iwe mbali na ukuta wa nje kwa kiganja kimoja. Usizilaze moja juu ya nyingine. Sahani mia na majaketi yake ni zaidi ya kilo ishirini, na ya chini ndiyo inayolipa. Mende wanapenda gundi ya majaketi, kwa hiyo chumba cha santuri kisiwe cha kulia chakula. Mimi miguu ya rafu nimeisimamisha kwenye makopo yenye mafuta ya taa, kama bibi yangu alivyofanya na kabati la sukari.

Na joto! Niliwahi kutumiwa kasha la sahani kumi na nne kutoka Lushoto kwa basi. Niliandika juu yake kwa herufi kubwa lisilazwe wala lisiwekwe penye joto. Liliwekwa karibu na injini. Tatu zilifika zimejikunja kama chapati. Mbili nimezirudisha kwa kuzibana katikati ya vioo viwili vinene, vitabu juu yake, kivulini, kwa majuma sita. Ya tatu haikurudi, nami nasikitika mpaka leo, kwa sababu ilikuwa ya kinanda cha kijijini ambacho sijakisikia tena popote. Tangu hapo zikisafiri, zinasafiri miguuni pa mtu ninayemfahamu.

Kunakili kwenye kompyuta si kazi ngumu, ila ina subira. Mashine ichomekwe kwenye tundu la amplifaya lililoandikwa Phono, si jingine lolote. Kwenye sahani besi hupunguzwa makusudi wakati wa kuchonga, kwa sababu besi kubwa hula nafasi ya mfereji. Tundu hilo ndilo linaloirudisha. Ukikosea tundu, kinanda chako kitasikika kama filimbi ya mluzi. Kutoka hapo ingiza sauti kwenye kompyuta yenye programu ya Audacity, ambayo ni ya bure. Cheza kwanza mahali penye kelele kuliko pote, kwa kawaida mwisho wa upande, urekebishe kipimo cha sauti kisivuke desibeli -6. Ndipo uanze mwanzo. Hifadhi nakala mama kwa WAV au FLAC, aina za faili zisizopunguza sauti; saa moja ya WAV ya kawaida hula karibu MB 635, na FLAC takriban nusu yake. Ya kutuma kwa simu itoe kwa MP3: upande wa dakika 22 kwa kbps 192 ni karibu MB 32. Sahani ikiwa ya mono, yaani ya sauti ya njia moja, unganisha njia mbili ziwe moja, utaona makelele yamepungua bila kuugusa wimbo.

Nakuomba jambo moja: usisafishe kupita kiasi. Programu ina kitufe cha kuondoa kelele, na mkono huwasha. Lakini mabomba yanapumua. Kabla ya noti kuna pumzi ndogo ya upepo ukiingia, baada ya noti kuna mwangwi wa kanisa lenyewe ukizima. Kitufe kile hakijui tofauti ya pumzi na vumbi, kinafuta vyote. Ondoa milio mikubwa ya mikwaruzo kwa mkono, mmoja mmoja, uache mengine. Na kila faili iandikwe jina la mpigaji, kanisa na kinanda, kampuni, namba ya sahani, upande, pamoja na picha ya jaketi mbele na nyuma.

Kuhusu kugawa nakala, kuna haki mbili ndani ya sahani moja. Wimbo wenyewe huenda ni huru: Stille Nacht (Silent Night) uliimbwa mara ya kwanza Oberndorf, Austria, mwaka 1818, na waliouandika, Joseph Mohr na Franz Xaver Gruber, wamekufa zamani. Lakini rekodi ya mpiga kinanda ni mali nyingine. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya, rekodi zilizotoka kabla ya 1963 zimeshakuwa huru. Marekani ni wakali zaidi: zilizotoka kati ya 1923 na 1946 hulindwa miaka 100, za 1947 hadi 1956 miaka 110, na zilizofuata hadi Februari 1972 zinalindwa mpaka 2067. Kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, na ofisi yake ni COSOTA. Waulize kabla ya kuweka chochote hadharani. Mimi mtandaoni sipandishi LP. Nakala zangu ni za kulinda sahani isichoke, na watu nawaita nyumbani.

Nawaita Jumapili ya kwanza ya Majilio. Tunaanza saa mbili na robo usiku, Isha ikiwa imeshaswaliwa, kwa sababu mzee wa Ngamiani na nusu ya majirani zangu ni Waislamu na sitaki mtu aje mbio. Mkeka barazani, kahawa na kashata, mashine juu ya meza nzito isiyotikisika. Kila mtu anachagua sahani moja kwa kutazama jaketi. Kati ya upande na upande hatuharakishi. Nasoma kilichoandikwa nyuma ya jaketi, na nisichokielewa tunakiacha.

Mwaka mmoja umeme ulikatika tukiwa katikati. Kijana wa jirani akaleta jenereta yake ndogo, tukafurahi, kinanda kikaendelea. Kisha jikoni wakachomeka birika. Jenereta ikalemewa, na wimbo mzima ukaanza kushuka, noti zote pamoja, polepole. Watoto walishtuka. Mzee akanyosha mkono akainua sindano. "Mota inafuata jenereta, mwalimu," akasema, "kama bendera inavyofuata upepo." Sasa tuna betri na inveta inayotoa Hz 50 bila kutikisika, na birika linasubiri.

Usiku huohuo, umeme uliporudi, niliweka upande wenye muziki ambao Bach aliujenga juu ya wimbo wa Krismasi wa Luther, Vom Himmel hoch. Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa amekaa bibi mmoja mgeni wa jirani yangu, ameshuka kutoka Vuga, huko Usambara, kwa matibabu ya macho. Wamisionari wa Kijerumani wa Bethel walianza kazi Tanga na Usambara miaka ya 1890, na nyimbo zao walikuja nazo. Bibi alisikiliza mabomba yakiuzungusha ule wimbo, yakiuficha, yakiutoa tena. Ulipotokea chini, kwenye besi, wazi kabisa, akaanza kuuimba kwa Kisambaa, beti kwa beti, sauti nyembamba, na kwa ufunguo uleule wa sahani. Upande ulipokwisha hakuna aliyeinuka kuugeuza. Sindano ilizunguka pale mwishoni kwa muda, yeye akamalizia beti iliyobaki.